Mkono wa Nyuma ya Ukuta

Mkono wangu huu wa kulia umekuwa mama wa watu wengi. Umekuwa baba, umekuwa mume, umekuwa mtoto mchanga aliyefariki kabla hajapewa jina. Jaji mmoja mstaafu aliulilia mpaka machozi yakachuruzika kwenye kiwiko changu. Mfanyabiashara mmoja wa magari aliubusu akauita Nana, na mimi nikakaa kimya, kwa sababu Nana alikuwa bibi yake na mimi nina ndevu.

Nasema hivi kwa kujivuna na sioni haya. Wakubwa walianza na glavu za umeme. Wakazijaza nyaya na vipulizo vya hewa, wakazileta hapa Dodoma kwa mbwembwe na matarumbeta. Wageni wakavaa, wakamwona marehemu wao amekaa mbele yao kama jana, wakanyoosha mkono wamshike, wakasema, "Mbona ananishika kama mpira wa baiskeli?" Glavu zikarudi stoo. Kukatangazwa kazi, watu wakapimwa mikono: joto, ukavu, mtetemeko, mapigo ya mshipa. Tulikuwa umati. Mimi nilipita.

Ngoja nikueleze mtambo wenyewe, maana wakubwa wanapenda uonekane uchawi.

Mgeni anaingia kwa mlango wa mbele, wenye zulia. Anaketi, anavishwa kofia inayofunika macho yote mawili. Ndani ya kofia anaona chumba kizuri, dirisha, na mtu wake. Kwa kweli mbele yake pana ukuta wenye tundu, ila yeye ukuta hauoni. Pale penye tundu anaona mapaja ya marehemu na mikono iliyotulia juu yake. Nyuma ya ukuta nimekaa mimi kwenye stuli, mkono umepita tunduni, nimevaa bangili yenye vihisi. Nikikunja kidole, marehemu naye anakunja kidole, palepale. Macho ya mgeni yanaona anaguswa, ngozi yake inasikia inaguswa, na akili inavifunga hivyo viwili kuwa kimoja. Haiulizi tena. Mkono wangu ni mkubwa, una sugu za mkasi wa kupogolea mizabibu. Lakini jicho likiambiwa huo ni mkono wa mtoto, ngozi inakubali kuwa ni wa mtoto. Kuna mama aliyenishika kidole gumba kwa vidole viwili, hivi, akiogopa kukivunja.

Mara nyingine inakuwa kinyume. Fundi anaiendesha picha kwa kompyuta, na mimi nafuata kwa amri za sikioni: bana, achia, papasa. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu kinachoharibu kila kitu ni kupishana. Jicho likisema hili na ngozi ikasema lile, mgeni anashtuka, na akishashtuka humrudishi tena. Viganja wengi waliachishwa kazi kwa kupishana. Mimi sikuwahi.

Viganja ndilo jina letu wenyewe kwa wenyewe. Kwenye beji imeandikwa Afisa Mguso Daraja la Nne. Tunaingia kwa mlango wa nyuma, karibu na jenereta. Haturuhusiwi manukato, wala sabuni yenye harufu, wala kukohoa. Na haturuhusiwi kujulikana. Mgeni anaambiwa kinachomshika ni mtambo wa Shirika la Ukaribu, teknolojia ya hali ya juu. Sijui mtambo gani unakula maharage saa sita na kurudi kazini.

*

Asubuhi moja tuliyotarajia wageni wakubwa wa serikali, Luhende alinikuta nanawa.

Luhende ndiye fundi wa picha. Ni Mnyamwezi, mimi ni Mgogo, makabila ya watani, kwa hiyo hatuwezi kusalimiana kama watu wenye akili.

"Mgogo, sugua vizuri," alisema. "Leo Mheshimiwa yupo. Asije akasikia marehemu ananuka mlenda."

"Mboga ya mlenda ndiyo iliyolainisha mikono hii. Ya kwako imezoea kubeba mizigo ya misafara, ingemshika nani akafurahi?"

"Tulibeba pembe za ndovu, bwana. Nyinyi mlikaa njiani mnatuuzia maji."

"Na mlinunua. Nani mjinga hapo?"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Meneja Kokugonza akaingia na viatu vyake vya kugonga sakafu, kicheko kikakatika.

Meneja huyu si mtu wa kelele. Anaongea taratibu kama anayesomea wagonjwa magazeti, na hicho ndicho kinachonikera. "Mzee Nehemia, leo ni siku yetu," alisema. "Bi Mwantumu ameamka na homa, mkono wake unaunguza, kwa hiyo zamu zote ni zako. Wageni watakaa nyuma ya kioo, wataona ukutani kila anachoona bibi tunayemhudumia leo. Mkifanya vizuri, wataona wenyewe kwamba Shirika linaweza kumfikishia mwananchi macho na mguso, popote alipo. Maana mnajua tumepewa zahanati za mkoa mzima. Vile vioo vya madaktari wa mbali tutaviongezea mikono."

Nilikuwa nakausha vidole. Taulo likasimama lenyewe.

"Vile vioo ni vya Shirika hili?"

"Sasa ni vyetu, na hata vile vya mwanzo tulivijenga sisi, kwa jina jingine." Akatazama simu yake. "Ndiyo maana tumemchagua bibi huyu. Bintiye alihudumiwa na kioo kimojawapo. Alifariki, kwa bahati mbaya. Familia ilinung'unika sana. Leo anakuja kuonana naye na kupata amani. Bibi Damari Ndahani. Binti anaitwa Perusi."

Akatoka. Viatu vikagonga, vikagonga, vikapotea.

Perusi alikuwa mke wangu.

Sikuandika jina lake nilipoomba kazi hii, na hakuna aliyeniuliza. Walitaka mikono. Nilikuwa kibarua kwenye mizabibu mpaka wakubwa walipoamua kwamba pale panafaa hoteli, nami nikaja mjini na mkasi wangu mfukoni.

Kijijini kwetu zahanati ilikuwa na mganga, mtu mnene mwenye harufu ya dettol, aliyekubonyeza tumbo mpaka ukamtukana kimoyomoyo. Wakubwa wakamwondoa. Wakaleta kioo kirefu kama mlango, na ndani ya kioo daktari mwenye meno meupe aliyekaa sijui mji gani. Alituona vizuri sana. Alikuona mpaka kope. Perusi alipoumwa tumbo nilimpeleka, akasimama mbele ya kioo amejikunja, akaambiwa ajinyooshe ili picha itulie. Akaambiwa ni gesi. Tulirudi kesho yake, ni gesi. Kilichokuwa tumboni mwake kilipasuka njiani tukienda mjini, juu ya trela la trekta.

Na ile sura waliyoitia kwenye kofia waliipata wapi? Sisi hatukuwa na picha zake za maana. Waliitoa kwenye kioo. Kioo kilichomtazama akifa ndicho kilichowauzia uso wake.

"Mtani," Luhende alisema, maana alikuwa ananiangalia. "Umekuwa kijivu."

Nikamwambia. Alikaa chini kwenye kebo zake.

"Basi mwambie meneja unaumwa."

"Halafu?"

"Halafu…" Alijikuna kichwa. "Halafu hakuna mkono. Bibi ataona picha, atanyoosha mkono, atagusa ukuta."

"Siyo hilo tu. Ni mkwe wangu, Luhende."

Hapo hakucheka. Unyamwezini nako wanajua mkwe ni nani.

Kwetu mkwe hashikwi. Maisha yote ya ndoa yangu sikuwahi kupeana mkono na Bibi Damari. Nikikutana naye njiani naacha njia, nasimama majanini, nainamisha macho, nasalimu, "Mbukwenyi," naye anajibu akiwa ameelekea upande. Chakula aliniwekea, akaondoka, ndipo nikala. Watu wa mjini wanadhani ni uhasama. Ni heshima, na ina uzito wake. Mtu aliyekuzalia mke humzoei kama unavyomzoea muuza nyanya.

"Sikiliza," Luhende alisema taratibu. "Mimi hapa nimewaona wengi wakitoka kwenye kile kiti. Wengine wanatoka wakitembea wima kwa mara ya kwanza tangu msiba. Yule ni mama. Hakupata kumshika mwanawe mkono kabla ya kumzika, sivyo?"

"Alimkuta tayari ameshafunikwa."

"Basi. Wewe una heshima yako, naielewa. Lakini heshima hiyo ni ya nani, yake au yako? Akimshika mwanawe akarudi akalala usingizi, wewe umepungukiwa nini? Hatajua. Mkono si wako mle ndani. Mle ndani ni wa Perusi."

Nilifikiria yule mama jinsi alivyokaa siku ya maziko, ameshika mkeka kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kushika. Nikasema moyoni, kama mkono huu umekuwa mtoto wa mgeni nisiyemjua, hauwezi kuwa mtoto wa Damari?

Nikavaa bangili.

*

Kupitia ukutani nilisikia fimbo yake. Kisha sauti yake, ileile, ya mtu anayezungumza na ng'ombe wakaidi: "Hii kofia inanibana masikio. Mnataka nione au nisisikie?" Wageni wakacheka kwa adabu nyuma ya kioo chao.

Kisha Luhende akabonyeza kitufe. Nilijua picha imewaka.

Wengine hupiga yowe. Yeye alivuta pumzi tu, ndefu, kama anayeinua ndoo kichwani. Kisha mkono wake ukaja tunduni.

Niliukwepa. Nakiri, mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe, kama ninavyoingia majanini njiani nikimwona. Luhende akaninong'oneza sikioni, "Taratibu, mtani. Anakutafuta." Vidole vya bibi vilikuwa vinapapasa hewani, vikavu, vimepinda kwa kazi. Nikafumba macho, nikampa mkono.

Aliushika kwa mikono miwili. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya kila kifundo, kama anayehesabu punje za hindi. Mimi nilijua sugu zangu ziko wapi, nikawa nangoja aseme, huu ni wa mwanamume. Hakusema. Macho yake yalikuwa yanaona mkono mwembamba wa Perusi wenye kovu la moto, na ngozi yake ikatii macho.

"Mwanangu," alisema. Alisema Kigogo, mimi nakuwekea Kiswahili. "Umepoa. Umekonda au wananidanganya?"

Picha ikajibu, kwa sauti ya mke wangu: "Nipo salama, mama. Nafurahi kukuona."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha dirisha la posta. Nikajua mara moja ni kwa nini: kioo kilimrekodi Perusi akijieleza kwa daktari, na kwa daktari alijitahidi Kiswahili. Kigogo chake hawakuwa nacho. Bibi naye alishtuka, nilisikia vidole vikilegea.

"Umesahau lugha yetu?"

"Bana," Luhende akanong'ona. Nikambana kidogo. Vidole vyake vikarudi, na Kiswahili kikasamehewa. Ndio ukali wa mguso huo. Sikio lilikuwa linakataa, lakini jicho na ngozi walikuwa wameshapiga kura.

Akaanza kuongea. Aliongea mambo ya mbuzi, ya paa lililovuja, ya shangazi yake Perusi aliyeolewa tena uzeeni na sasa anavaa hereni. Nilicheka bila sauti, mkono ukatetemeka, na mle ndani Perusi akacheka. Kisha bibi akasema:

"Na yule mume wako. Tangu msiba hajaja kunisalimia. Nasikia yuko mjini. Kiburi kile! Anatembea kama jogoo aliyenunua banda. Lakini nitakwambia kweli, mwanangu, nilimpenda kwa kiburi kilekile. Siku alipokuja kuposa, wajomba zako walimtukana mpaka jioni na hakuinua macho, wala hakuondoka. Nikasema huyu hatamwacha binti yangu ageuziwe mgongo na mtu."

Nisikufiche, shingo yangu ilinyooka gizani pale. Hakuna tuzo ya Shirika iliyowahi kunipa fahari hiyo. Lakini lile neno la mwisho halikuwa kweli. Perusi aligeuziwa mgongo mbele yangu, na wenye kufanya hivyo walikuwa wamekaa nyuma ya kioo wanakunywa soda.

Mikono ya bibi ikaushika wangu kwa nguvu zaidi.

"Perusi. Niambie kitu kimoja nirudi nyumbani. Siku ile ulipoumwa, nani alikugusa tumbo?"

Nilidhani picha itakosa jibu. Mtambo una maneno yake ya kawaida, nipo salama, usilie, nakupenda. Lakini ukajibu upesi, kama mtu aliyekuwa ameandaliwa.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Daktari wa kioo alinihudumia vizuri sana. Sikuumia. Hakuna aliyekosea."

Kwenye kifaa cha sikioni nilimsikia Luhende akipekua karatasi. "Hii sikuiweka mimi," alisema. "Wallahi sikuiweka mimi. Imeletwa asubuhi." Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye bosi wake amesimama nyuma yake: "Bana, mtani. Imeandikwa hapa ubane. Picha inabana."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu.

Maneno peke yake bibi asingeyaamini, yalikuwa ya posta. Sura peke yake asingeiamini. Walichohitaji ni mkono. Mkono wa mwanawe ukimbana kwenye neno lile, lingeingia kwenye mifupa, na lisingetoka tena mpaka anakufa. Angerudi kijijini akawaambia wenzake, nimemshika mwenyewe, amesema hakuna aliyekosea. Mheshimiwa angepiga makofi. Vioo vingeenda kila zahanati, vyenye mikono. Na shahidi wao angekuwa mke wangu, kwa mkono wangu.

Nilifikiria alichosema Luhende kuhusu usingizi wa bibi. Maana angelala kweli, hilo silikatai. Angelala vizuri kuliko sisi wote. Nani amenipa mimi ruhusa ya kumwamsha?

Lakini Perusi hakuwa mwongo. Alikuwa mkaidi, alikuwa mbishi, alinificha sukari ili nisimalize kwenye chai. Mwongo hakuwa.

Sikubana.

Nilifungua mkono, nikaulaza kwenye viganja vya mkwe wangu, mzito, umetulia kama kitu kisicho na mwenyewe. Mle ndani ya kofia aliona vidole vya mwanawe vikimbana kwa upendo. Kwenye ngozi yake hakuna kilichombana.

Mwili wake mzima ulishtuka. Niliusikia mpaka begani mwangu.

"Mbona naona unanibana na sisikii?" alisema. Akapandisha sauti. "Perusi! Naona unanibana na sisikii!"

Viatu vya Meneja Kokugonza vikaja mbio. "Samahani waheshimiwa, ni hitilafu ndogo ya mtambo. Luhende, zima. Zima picha."

Luhende, ambaye kila siku anazima mtambo ule bila kuangalia, alianza kuitafuta swichi. Aliitafuta kwa bidii sana. Alitafuta mpaka chini ya meza.

Nikasogeza mdomo kwenye tundu. Sauti yangu haikuwahi kupita pale.

"Mbukwenyi, mkwe," nilisema.

*

Nilizunguka nje, nikaingia kwa mlango wa mbele, wenye zulia. Mlinzi alijaribu kunizuia, nikamwangalia tu, akajikuta ananifungulia.

Bibi Damari alikuwa ameshavua kofia, ameitupa. Alikuwa amesimama ameegemea fimbo, uso kwenye ukuta, analitazama lile tundu. Ukutani upande wa pili, kwa kimo cha nyumba, picha ya Perusi ilikuwa bado inatabasamu na kubana hewa, maana Luhende alikuwa bado anatafuta swichi. Nyuma ya kioo walikaa wageni, suti na vitenge vya gharama, na Mheshimiwa katikati.

Nilisimama mbali, pale ambapo majani yangekuwepo. Nikainamisha macho.

"Nimekushika," alisema. Alivuta khanga akajifunika kichwa, uso wote. "Nimekushika wewe. Na nimesema mambo ya mama na mwana, na masikio yalikuwa yako."

"Ndiyo, mkwe."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua. Nilidhani nakupa mwanao."

Nikaona fimbo yake inapiga sakafu kwa hasira. Kama angenipiga nayo nisingekwepa. Meneja akasogea na sauti yake ya hospitali, "Mama, tafadhali, njoo upumzike, huyu ni mfanyakazi mwenye matatizo…"

"Wewe nyamaza. Nazungumza na mkwe wangu." Akageuka nusu, upande, kama njiani. "Hilo la kushikana tutalipeleka kwa wazee. Litakuwa gumu na utalibeba. Sasa nijibu. Siku ile ulikuwepo. Nani alimgusa tumbo?"

Hakuuliza kwa kunong'ona. Mle ndani kuna vinasa sauti kila kona, na kioo cha wageni kinasikia hata mtu akijikuna.

"Mimi," nilisema. "Hakuna mwingine. Nilimgusa, nikakuta pamekakamaa, pagumu kama ubao, na alipiga kelele. Nikamwambia daktari kwenye kioo, huyu tumbo limekuwa gumu, njoo au mtume mtu aguse. Akaniambia, 'Mzee, sogea pembeni, unaziba picha.'"

"Ukasogea?"

"Sikusogea. Walizima kioo."

Sikulia. Niliyasema hayo kichwa kimeinama kwa ajili yake peke yake. Kwa ajili ya wale wa nyuma ya kioo, mgongo wangu ulikuwa wima kama nguzo ya umeme, na nataka ijulikane hivyo.

Bibi Damari akaitazama ile picha kubwa ukutani, sura ya mwanawe ikisema kwa Kiswahili cha posta kwamba hakuna aliyekosea, inarudia, inarudia. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo uleule alioujua uzito wake.

"Ni bora," alisema kwa Kigogo. "Mzigo huo ndio wangu. Nitaubeba mwenyewe."

Mlango wa kioo ukafunguka. Mheshimiwa alitoka mwenyewe, wasaidizi wawili nyuma, na mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yake. Alikuwa na uso wa huruma. Pengine ulikuwa wa kweli, sijui, mimi sura siziamini tena. Alitembea mpaka mbele ya mkwe wangu, akainama kidogo, akanyoosha mkono wake wa kulia, msafi, wenye saa.

"Mama yangu," alisema, "pole sana. Poleni sana."

Bibi Damari aliutazama ule mkono. Aliutazama tangu kucha mpaka mkono wa koti, kisha akamtazama mwenyewe, kisha akautazama tena.

"Na huu," aliuliza, "ni wa nani?"